Kompyuta haina intaneti miaka sita ila faili la histori linazidi kujaa na halifutiki, naombeni msaada

#1 mama_steshenari
Habari za jioni wadau. Nina steshenari Nkuhungu hapa Dodoma, nachapa barua, natoa kopi, naprinti, na kipindi cha maombi ya mikopo ya wanafunzi ndo tunalala hapohapo dukani. Kuna desktopu niliyoanza nayo kazi mwaka 2009, Pentium 4, RAM giga 1, diski giga 80, Windows XP. Intaneti nilishaitoa, miaka sita sasa haijaunganishwa na chochote, imebaki ya kuchapa na kuprinti tu. Nimeahidi kuitoa kwa shule anayofundisha mdogo wangu huko Bahi, watoto wajifunze hata kushika mausi.

Juzi nikasema niisafishe kabla haijaondoka. Nikafuta madokumenti yote, nikaingia Internet Explorer nikafuta histori na kuki na kila kitu, nikamwaga na Recycle Bin. Kijana wangu wa kidato cha nne akaniambia mama bado, kuna mafaili yanaitwa index.dat yamejificha. Tukatafuta, tukayakuta. Nikilifuta moja linaniambia haiwezekani, linatumiwa na mtu mwingine au programu nyingine. Mtu mwingine yupi, na niko na mwanangu tu dukani saa tatu usiku mlango umefungwa?

Tukalifungua kwa Notepad. Vimiraba vimiraba na herufi za ajabu, ila katikati yake maneno yanasomeka: Visited, halafu jina la akaunti, halafu file:/// na jina la dokumenti. Zenye herufi C ni nilizochapa mwenyewe humu ndani, zenye F ni za kwenye flashi za wateja. Nimekuta ya mzee mmoja wa Chamwino niliyemchapia rufaa ya shamba lake, jina lake lote lipo na la anayemshtaki lipo. Nimekuta majibu ya hospitali ya dada mmoja, alikuja niprinti. Nimekuta barua ya talaka. Na za mwezi uliopita zipo! Kompyuta haina intaneti, histori ya intaneti inaongezekaje? Na nilishafuta! Hawa watu waliniamini jamani. Siwezi kuipeleka shuleni ikiwa hivi. Naomba mwenye kujua anielekeze taratibu, mimi siyo mtaalamu.

#2 zabibu_tamu
Nakaa hapa mama, ngoja waje wenyewe.

#3 Kibaigwa Boy
Hiyo virusi mama angu, moja kwa moja. Flashi za wateja ndo zinaleta, zile zinazogeuza mafolda yote yanakuwa shotkati. Mimi nina kibanda cha kopi Kibaigwa pale karibu na soko la mahindi, msimu wa mavuno napokea flashi arobaini kwa siku na nishapigwa mara tatu. Faili lisilofutika na linalojijaza lenyewe huo ni ugonjwa, weka antivairasi iliyoapdetiwa, skani usiku kucha, asubuhi utanishukuru.

#4 Fundi wa Makole
Kibaigwa Boy umewahi sana kaka. index.dat ni faili la Windows yenyewe. Internet Explorer kuanzia toleo la 4 mpaka la 9 zote zinalitumia kama daftari la wageni getini, ukipita unaandikwa. Mama angalia mwanzoni kabisa mwa lile faili, ukikuta maneno Client UrlCache ujue ni lenyewe halali.

Kwa nini linajaa bila intaneti: kwenye XP kile kidirisha unachofungulia mafolda na Internet Explorer ni ndugu wa tumbo moja. Ukifungua dokumenti kutoka kwenye flashi kinaliandika kwenye histori kama vile umetembelea tovuti, ndo maana unaona file:/// badala ya http. Hata waya wa intaneti ungeukata kwa mkasi bado ingeandika.

Kwa nini halifutiki: programu inaitwa explorer.exe imelishika wazi muda wote kompyuta ikiwa imewaka, na explorer ndo hiyohiyo inayokuonyesha desktopu na kitufe cha Start. Ni sawa na kukunja mkeka huku umeukalia. Inabidi kwanza unyanyuke.

#5 Binti Kondoa
Aisee hapo kwenye "mtu mwingine" nilishtuka mpaka nikashusha simu, nikajua kuna mtu kaingia humo kwa mbali anasoma barua za watu. Kumbe ni kompyuta inajisema yenyewe?

#6 Fundi wa Makole
@Binti Kondoa ndiyo, XP ndo lugha yake, inaandika hivyohivyo hata ukiwa peke yako porini. Wateja wengi wananiletea mashine kwa hofu ya huo ujumbe.

#7 mwanachuo_finalist
Wakuu tusimtupe Kibaigwa Boy jumla. Siyo Internet Explorer na mafolda peke yake wanaoandika humo, programu yoyote inayotumia injini ileile ya kuvuta vitu mtandaoni inaandika humohumo, na virusi ni programu. Kwahiyo mama ukiona http za tovuti usizozijua na tarehe za wakati ambao hukuwa na intaneti, hapo turudi kwenye hoja ya #3. Ukiona file:/// tupu basi Fundi yuko sahihi. Soma kwanza kabla hujafuta.

#8 mama_steshenari
Asanteni wanangu. Nimeangalia, maneno Client UrlCache MMF Ver 5.2 yapo. Http zipo chache, nyingi nazikumbuka, ni za kuangalia matokeo ya mitihani enzi hizo tuna modemu. Moja mbili sizijui. Zilizobaki zote ni file:///, nimeshuka nazo mpaka mkono umechoka. Sasa nanyanyukaje kwenye huo mkeka?

#9 Fundi wa Makole
Njia nyepesi: nenda Control Panel, User Accounts, tengeneza akaunti nyingine mpya ya admini, iite hata "safisha". Ingia kwa hiyo mpya. Sasa ile akaunti yako ya kila siku hakuna anayeikalia, mafaili yake hayajashikwa. Nenda C, Documents and Settings, folda la jina lako, humo kuna Cookies, kuna Local Settings, ndani ya Local Settings kuna History na Temporary Internet Files. Kila moja ina index.dat yake. Futa. Ukimaliza rudi akaunti yako, ile ya "safisha" iondoe.

#10 mgogo halisi
Mbukwenyi. Fundi umeruka kitu hapo na kitamsumbua mama. Asibadilishe akaunti kwa Switch User! Akifanya hivyo ile ya kwanza inabaki imewaka kwa nyuma na explorer yake bado imekalia mkeka. Lazima Log Off kabisa, au bora zaidi aristati ndo aingie na mpya. Hili lilinipotezea siku nzima 2011 nikiwa kwenye ofisi fulani Manyoni, nafuta linagoma, nafuta linagoma, nikafika mahali nikaamini diski imekufa.

Na kuna jingine. Hayo mafolda hayaonekani hivihivi. Hata ukiruhusu kuonyesha vilivyofichwa, ukifungua Temporary Internet Files unaonyeshwa sura ya bandia, folda la Content.IE5 halipo, kwa sababu kuna kifaili cha desktop.ini kinacholiamuru lijionyeshe kivingine. Andika njia nzima kwa mkono kule juu kwenye Address, mwishoni weka \Content.IE5, bonyeza Enter, litafunguka.

#11 Fundi wa Makole
@mgogo halisi umenyoosha, hiyo ya Switch User ni kweli nimeisahau.

#12 MTU WA RELI
Mnamzungusha mama wa watu. Format, piga Windows upya, kwisha. Nusu saa. Hayo ya kukunja mikeka ya nini?

#13 Mwl. Mstaafu Mpwapwa
Kijana wa reli, pole pole. Kwenye XP hata ukichagua ile format ndefu, siyo ya haraka, haifuti chochote kwenye data, inakagua tu kama diski ina sehemu mbovu. Kuandika sifuri diski nzima wakati wa kufomati kumeanza na Windows Vista. Kwahiyo ukifomati kwa CD ya XP umechana jalada la kitabu, kurasa zote zipo.

Nakupa langu. Nilinunua diski ya mtumba mnadani, muuzaji ananiambia ni nyeupe kabisa. Nikaipitisha Recuva, programu ya kurudisha vilivyofutwa, kwa kujaribu tu. Zikatoka picha za kipaimara cha mtoto, mia mbili na zaidi, mtoto kashika mshumaa, bibi yake kakaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya tembe. Nilikaa nazo wiki nzima namtafuta mwenyewe, yule muuzaji hamkumbuki aliyemletea. Mwisho nilizifuta, na mpaka leo najiuliza kama huyo mama ana nakala nyingine.

#14 Binti Kondoa
Mwalimu shikamoo. Hiyo ya picha imeniumiza.

#15 Kibaigwa Boy
Kwahiyo mwalimu unasema hata akifanikiwa kulifuta hilo index.dat bado lipo??

#16 Mwl. Mstaafu Mpwapwa
Marahaba binti. @Kibaigwa Boy ndiyo. Kufuta ni kuiambia diski "nafasi hii sasa iko huru". Maneno yenyewe yanakaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na index.dat yenyewe ina tabia hiyohiyo kwa ndani, ukibonyeza futa histori wewe unaona orodha imekuwa tupu lakini faili halipungui ukubwa, kumbukumbu zimewekewa alama tu kwamba hazitumiki. Ndo maana mama kafuta na bado anayasoma.

#17 Chief Mlenda
Mimi hapo natofautiana kidogo. Za mwezi uliopita anazozisoma mama siyo zilizofutwa zikabaki, ni kwamba hakuzifuta kabisa. Kuna mafolda madogo yanaitwa MSHist01 halafu yanafuatiwa na tarakimu ndefu, ni tarehe mbili zimebananishwa, ya kuanza na ya kuishia, mwaka mwezi siku. Kila siku na kila wiki ina folda lake na index.dat lake. Inawezekana kabisa alifungua hilo. Mama ulifungua la wapi?

#18 mama_steshenari
Lile la History.IE5 lenyewe, siyo la mafolda madogo. Hayo ya MSHist nayo nayaona, yako saba.

#19 Chief Mlenda
Basi mwalimu anaweza kuwa sahihi. Au kuna akaunti nyingine ulisafisha ukadhani ni hiyo. Bado sijaridhika.

#20 mwanachuo_finalist
Au alipofuta histori alikuwa na kidirisha cha folda wazi, baada ya hapo kijana wake alipokuwa anafunguafungua madokumenti kuhakiki yakaandikwa upya. Tusisahau kila unapofungua kuangalia unaongeza mstari.

#21 mama_steshenari
Wadau narudi na ripoti. Jana usiku niliristati nikaingia na akaunti mpya kama mlivyosema. La Cookies limefutika. La History limefutika na yale saba yote. La Content.IE5 nilipoandika njia kwa mkono kama @mgogo halisi alivyosema likafunguka, mafolda yana majina ya ajabu herufi nane nane, nikafuta, nikalifuta na lenyewe, nikafurahi mpaka nikamwita mwanangu. Halafu umeme ukakatika. Uliporudi nikaingia kwenye akaunti yangu ya kila siku, naangalia, index.dat zipo zote tatu! Nimekaa kwenye kiti nikajisikia kulia.

#22 Fundi wa Makole
Usilie mama, hiyo ni kawaida. Ukiingia tu kwenye akaunti Windows inatengeneza mapya, haiwezi kuishi bila hayo. Angalia ukubwa. Jipya linakuwa kilobaiti 32 hivi. La zamani lilikuwa na ngapi?

#23 mama_steshenari
La History lilikuwa karibu megabaiti 2. Sasa lina KB 32. La Content nalo KB 32. Nimefungua kwa Notepad, pale juu Client UrlCache halafu chini miraba tu, hakuna jina la mtu. Kumbe!

#24 zabibu_tamu
Hongera mama.

#25 mgogo halisi
Bado hajamaliza. Mama fungua kile kidirisha cheusi cha CMD, andika cd \ bonyeza Enter, halafu dir /a /s index.dat. Itakupitishia diski nzima. Utashangaa.

#26 mama_steshenari
Kaka, mafaili ni mengi. Nimehesabu 14. Mengine yako kwenye LocalService na NetworkService, mengine Default User, na kuna folda la kijana aliyekuwa ananisaidia dukani 2013, nilidhani akaunti yake niliiondoa siku alipoondoka. La kwake lina megabaiti 4.

#27 mgogo halisi
Hilo hapo. XP akaunti inaweza kuondolewa na folda lake likabaki kwenye diski. La kijana lifute, halina anayelikalia. Ya LocalService na NetworkService ni ya huduma za Windows, yanashikwa na huduma siyo na akaunti, hayo ristati bonyeza F8 mfululizo kabla nembo ya Windows haijatokea, chagua Safe Mode with Command Prompt, siyo Safe Mode ya kawaida maana ile ya kawaida explorer inapanda bado. Ukiwa humo explorer haipo, ni wewe na kidirisha cheusi tu. Likigoma andika attrib -h -s -r kabla ya jina la faili ndo ufute.

#28 Fundi wa Makole
Au aweke CCleaner toleo la zamani la XP, ina kitufe cha index.dat, inayafuta wakati wa kuwaka kabla hayajashikwa na yeyote. Mimi ndo natumia kwa wateja.

#29 mgogo halisi
Ya kushusha kwa flashi kutoka kompyuta gani? Unampeleka kwenye tovuti za watu wanaobandika virusi kwenye programu za zamani. Mkono hauambukizi.

#30 Kibaigwa Boy
Si mnaona, tumerudi kwenye virusi 😀

#31 Dogo wa Ipagala
Rahisi zaidi, chukua Ubuntu mpya, mfumo mwingine badala ya Windows, weka kwenye flashi, butia hiyo, Windows yote imelala, futa chochote.

#32 Mwl. Mstaafu Mpwapwa
Dogo wazo ni zuri ila siyo kwa mashine hii. Pentium 4 nyingi ni za biti 32, na Ubuntu wameacha kutoa diski za biti 32 toka 17.10 ya mwaka 2017. Itagoma kuwaka. Tena BIOS (programu ya ubaoni inayoiwasha mashine) za umri huo nyingine hazitambui kubuti kwa flashi, inabidi CD. Puppy Linux ya biti 32 kwenye CD inakwenda vizuri, mimi nilifundishia nayo wanafunzi.

#33 Dogo wa Ipagala
Nimekusoma mwalimu.

#34 Shemeji wa Kisasa
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mashine ya mama ikifika Bahi itakufa kwa vumbi kabla ya index.dat. Huku kwetu kuanzia Juni upepo unavyovuma, fungua mfuniko, puliza kwa blowa ukiwa umeshika feni kwa kidole isizunguke, toa RAM, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha. Mashine nyingi zinazosemwa "imekufa" ni RAM tu imeshika vumbi.

#35 mama_steshenari
Asante shemeji, hiyo ya kifutio naijua, ndo iliyonifikisha hapa.

#36 Afande mstaafu wa makaratasi
Nami niongeze. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Majibu ya hospitali ni taarifa nyeti. Mama anafanya jambo ambalo maofisi makubwa hayalifanyi wanapouza kompyuta chakavu kwenye mnada. Tahadhari moja tu, kwa wengine wanaosoma uzi huu: kama kompyuta ni ya mwajiri au kuna shauri linaendelea, msiguse hata faili moja. Kufuta wakati huo ni kujitafutia kosa jingine.

#37 MTU WA RELI
Hiyo sheria inamhusu mwenye steshenari ya Nkuhungu kweli? Si ni ya mabenki na makampuni ya simu.

#38 Afande mstaafu wa makaratasi
Inamhusu anayekusanya na kuchakata taarifa za watu, haijasema awe na ghorofa.

#39 MTU WA RELI
Anakusanya nini, anaprinti tu na mteja anaondoka na flashi yake.

#40 Binti Kondoa
@MTU WA RELI uzi mzima huu unasema mteja anaondoka na flashi na jina linabaki.

#41 baba_wawili
Wakuu swali la pembeni, mi natumia Windows 7 nyumbani, nimetafuta index.dat kwenye History sikuyaona ya maana. Mwenzangu aliona kitu kwenye laptopu tukanuniana, nataka kujua tu yanakaa wapi sasa.

#42 mwanachuo_finalist
Pole kaka 😂 Kama una Internet Explorer 10 au 11 index.dat ilishastaafu, kuna WebCacheV01.dat, moja kubwa imejumlisha vyote, iko ndani ya AppData, Local, Microsoft, Windows, WebCache. Nayo imeshikwa vilevile, ila na taskhost. Firefox wao wana places.sqlite toka toleo la 3 la 2008, Chrome ina faili linaitwa History tu bila mkia, hizo ukifunga brauza zinafutika bila ugomvi. Na kama uliingia na akaunti yako ya Google, fahamu kwamba nakala inaweza kuwa kwao, unaweza kusafisha laptopu ikang'aa na mwenzio akafungua simu akaona yote. Kaa naye mzungumze.

#43 baba_wawili
Tumeshazungumza, ilikuwa ni zawadi nilikuwa namtafutia. Asante.

#44 mama_steshenari
Wadau habari za leo. Yote 14 nimeyashughulikia, Safe Mode ya kidirisha cheusi imefanya kazi, mwanangu alikuwa ananisomea herufi mimi nabonyeza. Fundi wa Makole alipita dukani jana, Mungu ambariki, hakutaka hata nauli ya boda. Akaweka Recuva tuone. Kwa kweli mwalimu alisema kweli. Majina yametoka, rufaa imo, talaka imo, madokumenti mengine yanafunguka kabisa kama sijawahi kuyafuta.

Nimeamua hivi. Hiyo diski haiendi Bahi. Kuna diski ya giga 40 kwenye mashine iliyokufa ubao, Fundi ameiandika sifuri mwanzo mpaka mwisho, ameiweka na kupiga Windows. Watoto watapata mashine safi. Ile ya giga 80 nimeitoa, nimeifunga kwenye soksi ya mwanangu, iko kabatini pamoja na vitabu vya risiti. Niambieni niiue vipi.

#45 Chief Mlenda
DBAN kwenye CD, ni programu ya kufuta diski nzima kwa kuandika juu yake, chagua ile ya kuandika mara 35. Ya Gutmann. Hakuna atakayeirudisha.

#46 Mwl. Mstaafu Mpwapwa
Chief, Gutmann aliandika hayo 1996 kwa diski za wakati ule, na mwenyewe alikuja kusema hizo 35 zote hazina maana kwa diski za baadaye. Mara moja inatosha. Mara 35 kwa umeme wetu huu mama atamaliza LUKU ya mwezi.

#47 Chief Mlenda
Mara moja inatosha kwa barua ya kuomba likizo. Kwa majibu ya hospitali mimi ningepiga 35 nikalala.

#48 Shemeji wa Kisasa
Drili. Matundu matatu kwenye sahani. Fundi vyuma yeyote pale Chang'ombe anakufanyia.

#49 Mwl. Mstaafu Mpwapwa
Diski nzima ya giga 80 inayofanya kazi uitoboe, wakati kuna shule haina hata moja?

#50 mama_steshenari
Subirini kwanza wadau, limetokea jambo. Roho ilikuwa inanisuta nikampigia yule mzee wa Chamwino, namba yake ipo kwenye daftari la madeni. Nikamwambia mzee shikamoo, nilikuwa nimebaki na jina lako na jina la kesi yako kwenye mashine yangu, nimelitoa. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, mwanangu na barua yenyewe umeitoa? Nikamwambia ndiyo, yote. Akasema nakala yake aliitia chini ya godoro, mchwa wameila, anaitwa baraza tena na anaulizwa alichoandika mara ya kwanza. Alikuwa anapanga kuja kwangu wiki hii nimprintie nyingine.

Kwenye Recuva jana niliona jina la rufaa lakini hatukulifungua. Je inaweza kutoka nzima?

#51 Fundi wa Makole
Mama usiiguse hiyo diski. Usiichomeke popote, usiiwashe, kila ikiwaka na Windows yake inaweza kuandika juu ya nafasi ileile. Iache kwenye soksi. Nina kebo ya kugeuza IDE (mlango wa diski za zamani) kuwa USB, Jumapili baada ya ibada nakuja na laptopu yangu tunaisoma bila kuiandika kitu, tukiipata tunaitoa kwenye flashi ya mzee mwenyewe, siyo kwenye mashine yako.

#52 Kibaigwa Boy
Nina flashi mpya sijaifungua hata karatasi. Naituma kwa basi la kesho asubuhi, mama nipe jina la kuandika kwenye bahasha, ila siyo humu, nitumie inboksi.